Rangi ya Waya Haitoshi

Fungua soketi ya ukutani katika nyumba nyingi za Syokimau, kando ya Mombasa Road karibu na Nairobi, na utakuta nyaya tatu: mwekundu, mweusi na wa kijani. Fungua plagi ya pasi inayochomekwa kwenye soketi hiyohiyo na utakuta tatu nyingine: wa kahawia, wa buluu, na wa kijani wenye mistari ya manjano. Kazi ni zilezile. Mwekundu na kahawia ni laivu, waya unaoleta stima ndani. Mweusi na buluu ni nyutro, unaoirudisha hadi kwenye transfoma. Wa kijani ni waya wa ardhi, ambao siku mambo yakiwa sawa haubebi mkondo wowote wa maana. Hili ndilo somo la kwanza la kila mwanafunzi wa umeme, na ni somo la kweli. Ninachodai ni kwamba halitoshi kumlinda mtu aliye na bisibisi mkononi, wala familia inayooga maji moto asubuhi. Rangi hutueleza alichokusudia aliyevuta waya. Alichofanya hasa hujulikana kwa kupima tu.

Tatizo linaanzia mbali na Mombasa Road. Kenya ilirithi mfumo wa Uingereza, wa volti 240 na soketi ya matundu matatu ya mstatili, pamoja na rangi zake: nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro. Waingereza wenyewe waliziacha rangi hizo katika nyaya za majengo. Kuanzia mwaka 2004 waliruhusu kahawia na buluu, na tangu Aprili 2006 kazi mpya zote zikalazimika kuzifuata. Hapa kwetu rangi za zamani na mpya zimeendelea kuishi pamoja, dukani na ukutani. Kwenye laini moja ya nyumba mkanganyiko huo unavumilika. Kwenye majengo ya ghorofa yanayopokea laini tatu za stima ndipo pana hatari, kwa sababu rangi mbili zimebadilishana maana. Katika mfumo wa zamani laini hizo tatu ni nyekundu, manjano na buluu, na nyutro ni nyeusi. Katika mfumo mpya laini ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Waya mweusi uliokuwa salama kwa fundi mzee ni wa volti 240 kwa fundi aliyehitimu juzi, na wa buluu ni kinyume chake. Tena mashine iliyotoka Marekani, ambako nyutro ni nyeupe, itakuja na waya mweusi ambao ni laivu. Rangi moja, mifumo mitatu, na ukuta haukuandikiwa ni upi uliotumika.

Hata pale mfumo unapojulikana, mkono wa binadamu unaingilia kati. Katika ujenzi wetu nyaya huvutwa moja moja ndani ya mabomba ya plastiki yaliyofukiwa kwenye ukuta, na fundi hununua roli za rangi kadiri ya hesabu yake. Mwekundu ukiisha Jumamosi jioni, kipande cheusi kilichobaki kinamalizia kazi. Mahali pa kuliona hili ni kwenye swichi ya taa. Nyuma ya swichi ya kawaida hapapaswi kuwa na nyutro kabisa: waya mmoja unaleta stima na wa pili unaipeleka kwenye balbu. Wote wawili ni laivu swichi ikiwashwa. Lakini ni kawaida kukuta mmoja mwekundu na mwingine mweusi, bila utepe mwekundu wa kuonya, na anayeamini rangi atasema mweusi ni nyutro, aushike. Kosa kubwa zaidi ni swichi kuwekwa kwenye nyutro badala ya laivu. Taa itawaka na kuzimika vizuri kabisa, ila kishikio cha balbu kinabaki na stima hata ikiwa imezimwa. Balbu ya LED inayoendelea kumulika kwa mbali usiku baada ya swichi kuzimwa inaweza kuwa dalili ya kosa hilo, ingawa wakati mwingine sababu ni nyaya mbili ndefu zilizolala sambamba tu.

Kwa hiyo kinachoufanya waya uwe laivu si rangi yake ila tofauti ya volti kati yake na ardhi. Kwenye transfoma, nyutro imefungwa na kuzikwa ardhini. Ndiyo maana nyutro nzima huwa karibu na sifuri na laivu huwa juu yake kwa volti 240. Kifaa kinachotumiwa zaidi kuhisi tofauti hiyo ni testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo mpinini. Mkondo mdogo sana hupita kwenye kitaa, mwilini mwako, hadi sakafuni. Hapo ndipo testa inapoanza kudanganya. Aliyesimama juu ya kiti kikavu cha plastiki anaweza asikione kitaa kikiwaka ilhali waya una stima, na mchana wenye jua kali mwanga wake haushiki jicho. Nyutro ikikatika mahali fulani, testa huwaka kwenye matundu yote mawili ya soketi, kwa kuwa stima inapita ndani ya friji iliyochomekwa na kurudi kupitia waya ambao hauna tena pa kwenda. Nyutro hiyo sasa inaua, na rangi yake haijabadilika.

Multimita ni bora zaidi ikitumiwa na anayeijua. Ukiitazama soketi usoni, tundu la ardhi likiwa juu, laivu inapaswa kuwa kulia na nyutro kushoto. Laivu kwa nyutro isome karibu 240, laivu kwa ardhi isome karibu hivyohivyo, na nyutro kwa ardhi isome volti chache au sifuri. Fundi mwangalifu huijaribu kwanza mita yake mahali anapojua pana stima, hupima, kisha huirudisha palepale kuhakikisha haikufa katikati ya kazi. Na bado namba hizo tatu hazikamilishi ushahidi. Nyutro na ardhi zikibadilishwa, mita itasoma vilevile, na hata kile kifaa cha taa tatu kinachochomekwa kwenye soketi kitasema kila kitu ni shwari, kwa sababu nyaya hizo mbili zote ziko karibu na sifuri. Inayolifichua kosa hili haraka ni swichi ya RCD, inayolinganisha mkondo unaotoka na ule unaorudi: chomeka pasi, mkondo urudi kupitia waya wa ardhi, nayo inakata papo hapo. Kusipokuwa na RCD, fundi hana budi kuzima swichi kuu, kuzitenganisha nyaya kwenye kisanduku cha brika na kuufuatilia kila mmoja hadi mwisho wake.

Waya wa ardhi ndio unaodharauliwa kuliko wote, kwa kuwa nyumba itawaka taa zake zote bila huo. Katika nyumba nyingi unaishia kwenye kigingi cha shaba kilichopigwa karibu na mita ya stima, na hapo Syokimau ina tabia yake. Udongo mweusi wa kunata wa eneo hili, ukilowa, hupitisha stima vizuri sana. Kiangazi kikija hunywea, ukapasuka nyufa na kuachana na kigingi. Na mahali mwamba ulipo karibu, kigingi huenda hakikufika chini inavyopaswa. Tuchukulie kigingi kizuri chenye ukinzani wa omu 20. Waya laivu ukigusa bomba la chuma lililounganishwa na kigingi hicho, 240 gawanya kwa 20 ni ampea 12. Brika ya ampea 32 inayolinda bafu la maji moto haitashtuka kwa ampea 12. Itaendelea kuzipitisha kana kwamba ni mzigo wa kawaida, na chuma kile kitabaki na sehemu kubwa ya volti hizo. Kigingi kikikauka kufikia omu 500, mkondo unashuka hadi chini ya nusu ampea, na brika haitakuwa na habari. RCD ya miliampea 30 ingekata mara zote mbili, kwa kuwa hata mkondo huo mdogo ni takriban mara 16 ya kiwango chake, na kiwango hicho kiko chini ya kile kinachoweza kuvuruga mapigo ya moyo. Multimita haiwezi kukuonyesha udhaifu huu. Yenyewe hunyonya mkondo mdogo mno, kwa hiyo itasoma 240 kwa kigingi cha omu 20 na itasoma 240 kwa cha omu 500.

Ongeza maji ya kisima. Maji mengi ya visima upande huu yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha stima kuliko maji baridi ya mto. Bafu la papo kwa papo lenye koili iliyo wazi ndani ya maji huvujisha mkondo zaidi yakipita maji hayo, na ndiyo sababu maduka huuza aina maalumu kwa maji ya chumvi. RCD ikikata kila mtu anapooga, kishawishi kikubwa ni kuing'oa, au kuukata waya wa ardhi ili kelele ziishe. Anayefanya hivyo amenyamazisha shahidi pekee aliyekuwa akisema ukweli.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya fundi aliyesajiliwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ambaye lazima atie sahihi cheti kabla nyumba haijaunganishiwa stima, na kwamba kumfundisha mwenye nyumba kupima ni kumpeleka kwenye hatari. Nakubaliana na nusu ya pili kabisa: asiyefundishwa asifungue soketi. Lakini cheti hutolewa siku ya kuunganisha, na baada ya hapo huja mpangaji anayetaka soketi ya ziada, kijana anayefunga bafu, na mwenye nyumba anayeongeza pampu. Wengine watasema wameishi miaka kumi bila tatizo. Laivu na nyutro zilizobadilishana huweza kukaa miaka mingi bila dalili, kwa sababu balbu na simu hazijali mkondo unaingilia upande gani. Anayejali ni mtu atakayebadilisha balbu kwenye ngazi ya chuma.

Mwenye nyumba anaweza kufanya mambo mawili bila kugusa waya wowote. Atazame kama kisanduku chake kina swichi yenye kitufe cha T, akibonyeze kila baada ya miezi michache, na kama haikati, aite fundi siku hiyohiyo. Akumbuke tu kwamba kitufe hicho hujaribu swichi, hakipimi ardhi. La pili, adai vipimo vilivyoandikwa: volti tatu za kila soketi, matokeo ya RCD, na omu za kigingi zilizopimwa kwa kifaa cha ardhi chenyewe, na karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kisanduku. Omu hizo zipimwe mwezi wa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya mvua za vuli, wakati udongo wa Syokimau umepasuka na kigingi kiko katika hali yake mbaya kuliko zote.