Dar hadi Mwanza kwa ndege: Ni kilomita ngapi na unatumia muda gani?

Umepigiwa simu usiku. Kuna msiba Sengerema, mazishi ni kesho saa 8 mchana, na wewe uko Dar es Salaam. Basi halitakuwahisha, ni ndege tu. Je, utawahi kuzika? Kabla hujalipia tiketi, piga hesabu hizi.

Umbali ukoje?

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Mwanza, kwa mstari ulionyooka, ni takribani kilomita 850. Kwa barabara, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100. Ndiyo maana basi la alfajiri linakufikisha usiku.

Angani ni muda gani?

Inategemea unapanda ndege gani. Jeti kama Airbus A220 ikishafika juu inakwenda karibu kilomita 830 kwa saa. Zile za pangaboi ni taratibu zaidi: Dash 8-Q400 kama 650, ATR 72 kama 500.

Lakini ndege haiendi kasi hiyo muda wote. Inatembea kwanza uwanjani, inapaa, kisha inapunguza mwendo ili itue. Ongeza kama dakika 20, utapata makadirio haya:

- A220: saa 1 na dakika 20
- Q400: saa 1 na dakika 40
- ATR 72: saa 2

Hiyo ni safari ya moja kwa moja. Kama ndege inatua kwanza Kilimanjaro au kwingine, muda unaongezeka.

Usichanganye saa

Tiketi haitumii saa zetu za Kiswahili. Ikiandikwa 10:00, ni saa 4 asubuhi, sio saa 10 jioni. Ukikosea hapo, ndege itakuacha. Angalia pia jengo la abiria, maana uwanja wa Dar una zaidi ya moja.

Sasa hesabu yenyewe

Tuseme unakaa Mbagala na umepata jeti ya saa 4:00 asubuhi.

- Saa 12:30: unatoka nyumbani, kuna foleni
- Saa 2:00: unafika uwanjani, unakaguliwa na kukabidhi mzigo
- Saa 4:00: ndege inaondoka
- Saa 5:20: mnatua Mwanza
- Saa 5:50: umeshachukua begi
- Saa 6:30: umefika mjini, kilomita kama 10 kutoka uwanjani

Yaani saa 6 nzima kwa safari ya ndege ya dakika 80. Na bado hujafika Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limekuondolea kusubiri kivuko, lakini barabarani bado tenga zaidi ya saa moja. Utafika karibu saa 8 kamili, jeneza likiwa linaelekea kaburini.

Ndege ikichelewa nusu saa tu, umekosa.

Ufanyeje?

Chukua ndege ya kwanza ya asubuhi, hata kama imezidi bei kidogo. Beba begi dogo la mkononi ili usisubiri mzigo. Panga usafiri wa Mwanza ukiwa bado Dar. Na wapigie wafiwa mapema uwaambie saa ya kufika Sengerema, sio saa ya kutua Mwanza. Wakijua hivyo, wanaweza kukusubiri.