Unga wa Lisini Hautibu Miguu: Hesabu ya Kuku wa Nyama Bonde la Kilombero

Mavuno ya mpunga yanapoingia Ifakara, kati ya Mei na Julai, pumba hujaa kwenye mashine za kukoboa na bei yake huteremka. Hapo ndipo wenye mtaji mdogo hupiga hesabu ileile ya kila msimu: pumba ipo mlangoni, mahindi yapo, mashudu ya alizeti yanapatikana Dodoma na Singida, kwa nini wasichanganye wenyewe chakula cha kuku wa nyama badala ya kununua mifuko ya kiwandani iliyobeba nauli ya kutoka Dar es Salaam au Iringa? Hesabu hiyo huenda vizuri hadi wiki ya tatu. Baada ya hapo baadhi ya vifaranga huanza kuchechemea, miguu inapinda, na wengine hulala ubavu wasiweze kufika kwenye chombo cha maji.

Hasara yake haionekani mara moja kwenye daftari. Tuchukue banda la vifaranga 500. Wakilemaa 25 wakiwa na wiki nne, kila mmoja ameshakula karibu kilo mbili. Huo ni mfuko mzima wa kilo 50 uliokwenda bure, kabla ya kuhesabu bei ya kifaranga, chanjo na mkaa wa kulelea. Na kuku aliyelemaa hauziki kwa bei ya wenzake, kwani mnunuzi wa kuku hai hutazama mguu kabla ya kutaja bei.

Jawabu la haraka dukani ni unga wa lisini au methionini, na wako wanaoununua wakiamini ni dawa ya miguu. Si dawa. Hizo ni asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini. Mahindi ni maskini wa lisini, na mashudu ya alizeti nayo hayana ya kutosha. Soya ina lisini nyingi lakini imepungukiwa methionini. Viwanda vikaingia kuziba pengo. Bakteria anayetumiwa kutengeneza asidi amino kutokana na sukari aligunduliwa Japani mwaka 1956, na lisini ikawa biashara ya dunia nzima, kubwa kiasi kwamba mwaka 1996 kampuni ya Archer Daniels Midland ya Marekani ilikiri kupanga bei na washindani wake wa Asia na kutozwa faini ya dola milioni 100, milioni 70 kati ya hizo kwa ajili ya lisini peke yake. Bonde lenye mashamba ya miwa kuanzia Kidatu linanunua lisini iliyochachushwa kwa sukari ya wengine.

Mfupa unahitaji protini, hilo ni kweli. Kiunzi chake ni nyuzi za kolajeni, na lisini ni mojawapo ya viungo vinavyozifunga nyuzi hizo pamoja. Lakini ugumu wa mfupa unatokana na kalsiamu na fosforasi, zikiingizwa kwa msaada wa vitamini D3. Kifaranga wa nyama hutoka gramu 40 hivi hadi kilo mbili ndani ya wiki tano au sita. Mfugaji akiongeza lisini bila kurekebisha madini, anaharakisha nyama juu ya mfupa uleule dhaifu. Uzito unapanda, nguzo inabaki ileile.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kile cha Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani cha mwaka 1994: kifaranga wa wiki tatu za mwanzo anahitaji protini asilimia 23, lisini 1.10, methionini 0.50, kalsiamu 1.0 na fosforasi inayoweza kutumika 0.45. Mbegu za kuku za leo zinataka lisini zaidi ya hapo.

Sasa tuchanganye kilo 100 kwa mtindo wa bei nafuu: mahindi 60, mashudu ya alizeti 30, pumba ya mpunga 10. Lisini inayopatikana ni gramu 500 hivi, wakati zinahitajika 1,100. Kuziba pengo hilo kwa unga wa dukani, wenye lisini asilimia 78, kunahitaji karibu gramu 770. Hata hivyo protini yote ya mchanganyiko huo haifiki asilimia 16, hivyo asidi amino nyingine, kama threonini, bado zimepungua na unga wa lisini hauziongezi. Mtaji unaishia kwenye mfuko mweupe na kuku habadiliki sana.

Tuondoe mashudu ya alizeti, tuweke mashudu ya soya kilo 30. Lisini inapanda hadi gramu 1,045 na pengo linazibwa kwa gramu 70 tu za unga. Protini inakaribia 20, na dagaa wasio na mchanga wanaweza kuisogeza mbele. Soya ni ghali kwa kilo, lakini ulinganisho wa haki ni soya dhidi ya alizeti pamoja na unga wote unaohitajika. Anayetumia soya ya shambani lazima aikaange kwanza, kwani soya mbichi inazuia usagaji wa protini tumboni.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Unga wa lisini wa kawaida umeungwa na kloridi, karibu asilimia 19 ya uzito wake. Gramu 770 huleta gramu 146 za kloridi katika kilo 100, na mahitaji yote ni 200. Mfugaji akiongeza chumvi gramu 300 kama alivyozoea, anapita kipimo. Kloridi ikizidi sodiamu na potasiamu, damu ya kuku huelekea kwenye asidi na gegedu la mfupa wa mguu hushindwa kugeuka mfupa. Kwa maneno mengine, kilichonunuliwa kutibu miguu kinaweza kuipinda. Dawa yake ni kupunguza chumvi na kuleta sehemu ya sodiamu kwa bikaboneti ya soda.

Kwa Ifakara lakini, mtego mkubwa uko kwenye pumba yenyewe. Pumba laini ya mpunga ina fosforasi kama asilimia 1.5, na kwenye karatasi inaonekana tajiri kuliko mahindi na soya. Sehemu kubwa ya fosforasi hiyo imefungwa kwenye fitati, ambayo tumbo la kifaranga haliwezi kuifungua vizuri. Kimeng'enya cha fitase kinachoifungua kilianza kuuzwa Uholanzi mwaka 1991. Asiyekuwa nacho atumie DCP: kilo moja na robo tatu yenye fosforasi asilimia 18 huleta gramu 315, na chokaa ya mifugo kilo moja na nusu hukamilisha kalsiamu.

Wengi wakiona matege huongeza chokaa peke yake. Hapo wanaharibu zaidi, kwa sababu kalsiamu ikizidi hushikana na fosforasi kidogo iliyopo. Ni kosa lilelile la kuwapa vifaranga wa nyama chakula cha kuku wa mayai, chenye kalsiamu karibu mara nne ya wanayohitaji.

Kabla ya kununua chochote, kuku mmoja aliyelemaa achinjwe na mfupa wa mguu ujaribiwe kwa mikono. Mfupa mzima hukatika kwa mlio. Wenye matege hupinda kama mpira, na mdomo wa kuku huyo nao huwa laini. Mfupa ukikatika vizuri, tatizo huenda ni Marek, maambukizi ya viungo au sakafu inayoteleza, na hapo bwana mifugo ndiye wa kuitwa.

Mnunuzi wa pumba naye aulize imekobolewa lini. Mashine nyingi za vijijini huchanganya pumba na maganda, na hata ile laini mafuta yake huchacha ndani ya siku chache yakaharibu vitamini za chakula. Gunia la Juni lililohifadhiwa hadi kuku wa Desemba linaweza kuwa bei nafuu, lakini si chakula cha kifaranga.