Ndoo ya Matope na Samaki wa Nyerere

Mtoto wa Benaco, wilayani Ngara, hukutana na samaki akiwa tayari kitoweo. Dagaa hufika wamekauka, ndani ya magunia. Sato huja kwenye barafu kutoka upande wa ziwa, macho yameshaingia ukungu, na sangara huja vipande vipande, wa moshi au wa kukaanga. Mji umekaa njia panda, malori ya kwenda Rusumo na kuvuka Rwanda yanapita usiku na mchana, na mama anayenunua samaki gengeni hana ziwa la kumwonyesha mwanawe. Ana kichwa cha sato tu, na mtoto wa miaka mitano anayeuliza, "Mama, huyu alikuwa anapumuaje?"

Swali hilo lina thamani kubwa kuliko picha nyingi za samaki wanazopaka rangi watoto wa chekechea. Picha si mbaya. Ila mtoto akimaliza kupaka rangi amejifunza kupaka rangi; juu ya samaki bado hajui kitu. Heri kuanza na kichwa hichohicho kabla hakijaingia sufuriani.

Funua shavu la samaki. Ndani yake kuna matamvua, yale ambayo mnunuzi mzoefu huyakagua kwanza: yakiwa mekundu, samaki ni mbichi, yakiwa ya kijivu, mwachie mwenyewe. Kata tamvua moja, mpe mtoto na bakuli la maji safi. Likiwa majini, nyuzi zake huchanua, kila uzi ukasimama peke yake. Likinyanyuliwa, nyuzi zote hugandamana kama brashi ya rangi iliyotolewa koponi. Mwache alitumbukize na kulinyanyua mpaka achoke. Hapo ameshika mkononi jibu la jambo linalowatatiza hata wakubwa: lita moja ya hewa ina oksijeni zaidi ya mara 20 ya ile iliyomo katika lita moja ya maji, lakini samaki akitolewa nje hufa kwa kuikosa. Hewa ipo tele. Kilichokosekana ni nafasi kati ya nyuzi za kuipokelea.

Kisha mtajie kamongo, avuruge mambo. Kamongo wa Ziwa Victoria ana mapafu, na akishakua ni lazima apande juu kuvuta hewa. Ukimzuia asifike juu, anakufa maji, yeye samaki. Homer Smith, mtaalamu wa Kimarekani wa kazi za figo, alivutiwa naye kiasi cha kuandika kitabu mwaka 1932 na kukiita kwa jina hilohilo, Kamongo. Watoto wadogo hawamsahau samaki anayeweza kufa maji.

Lakini habari ninayotaka kukaa nayo zaidi ni ya furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, na inaanza na ndoo.

Tafuta ndoo nyeupe, ijaze maji safi. Kusanya vizibo vya bati vya chupa za soda, nusu vyekundu na nusu vya bluu. Vya plastiki vitaelea, na hilo nalo mwache mtoto aligundue mwenyewe. Vya bati vizamishe kwa kuvigeuza vijae maji. Mpe mtoto upawa mrefu na umwambie: wewe ni mama furu, mume wako ni mwekundu, watoe wekundu peke yao. Katika maji safi atamaliza kazi bila kukosea. Virudishe vizibo, kisha tia udongo wa uani, vijiko kadhaa, koroga, subiri changarawe zitue, mwambie achague tena. Ongeza udongo, arudie. Kwa kawaida bluu ndiyo inayopotea kwanza: inakuwa nyeusi, halafu haionekani kabisa, wakati nyekundu bado inaonekana kama kahawia. Ukizidisha tope, mtoto ataanza kuchota chochote. Hesabuni pamoja amekosea mara ngapi.

Alichokifanya mtoto huyo uani ndicho, kwa umbo dogo, kilichogunduliwa katika Ghuba ya Mwanza. Tangu mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa Mwanza wakiwasoma furu pamoja na wenzao wa Tanzania. Mmoja wa samaki waliowaeleza kitaalamu, mwaka 1985, walimpa jina la Mwalimu Nyerere: nyererei. Dume lake lina wekundu mgongoni, na ubavuni manjano. Jamaa yake wa karibu anaitwa pundamilia, na dume la huyo ni la bluu ya kijivu. Majike wa aina zote mbili hawana makuu, wamepauka na kufanana, hata mtaalamu hujiuliza mara mbili. Katika kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, aina hizo mbili huishi kwenye miamba ileile bila kuchanganyika. Kwenye maji machafu zaidi ndani ya ghuba, mtafiti Ole Seehausen na wenzake walikuta kitu kingine: samaki wa rangi za katikati, wala si wekundu wala si wa bluu.

Mwaka 1997 walitangaza maelezo yao katika jarida la Science. Jike wa furu humchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka, rangi hazionekani, jike huchagua yeyote, na aina mbili hurudi kuwa moja. Ushahidi ulikuja pia kutoka maabara. Majike walipowekwa chini ya taa nyeupe walimwendea dume wa aina yao. Walipowashiwa taa ya rangi ya machungwa, inayofanya wekundu na bluu vifanane, ubaguzi uliisha.

Wengi tumefundishwa kwamba sangara ndiye aliyewamaliza furu. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akalipuka kwa wingi miaka ya 1980, na wanasayansi hukadiria kwamba spishi zipatazo 200 za furu zilitoweka. Sangara hula, na kuliwa kunaonekana. Uchafu wa maji haumli mtu. Huwafanya samaki wasijuane, nao wakaendelea kuzaana vizuri tu, na nyavu zikaendelea kuwatoa, huku aina zikipungua pasipo mzoga wowote kuelea. Kwa maoni yangu huu ni ugunduzi unaotisha kuliko ule wa sangara, na ni wa ajabu kwamba mtoto wa miaka mitano anaweza kuuona ndani ya ndoo.

Mwaka 2008 kundi hilohilo liliongeza jambo katika jarida la Nature. Maji ya ziwa hili humeza bluu mapema, hivyo kadiri unavyoshuka chini ndivyo mwanga unaobaki unavyokuwa mwekundu. Nyererei huishi chini kidogo kuliko pundamilia, na vinasaba vya macho yake vimeelekea kwenye kuona wekundu. Kwa hiyo rangi ya dume na jicho la jike vilikwenda pamoja, kila aina kwa kina chake. Na kwa kuwa maji yenye tope humeza bluu mapema, ndiyo iliyopotea kwanza kwenye ndoo yako.

Hapa Benaco si mbali na mkasa huu kama inavyodhaniwa. Mito ya Ruvubu na Nyabarongo hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, na kutoka hapo Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, hubeba kilichooshwa kwenye vilima vya Rwanda, Burundi na Ngara. Mvua za masika zikikolea, simama darajani Rusumo uangalie rangi ya maji. Mtoto aliyecheza na ndoo hahitaji maelezo. Atakuambia mwenyewe kuwa humo mama furu hawezi kuchagua. Si tope peke yake lililochafua Ghuba ya Mwanza, maana mbolea na maji taka hulisha mwani, na mwani nao hufunika mwanga. Lakini udongo ndio ulio karibu na mkono wa mtoto wa Ngara, na ndio huo unaomomonyoka mbele yake.

Kuna kisa kingine cha kumsimulia usiku, umeme ukikatika. Takriban miaka 15,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikauka. Watafiti waliotoboa tope la chini yake walikuta udongo wa nchi kavu. Kisha maji yakarudi, na furu wakazaliana mpaka wakawa spishi zaidi ya 500, kwa muda ambao katika historia ya viumbe ni kama jana. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba asili yao ni makundi mawili ya samaki yaliyochanganyika zamani, moja la upande wa Kongo na jingine la upande wa Nile. Maji ya mto Malagarasi huishia mto Kongo kupitia Ziwa Tanganyika. Ya Ruvubu huishia Nile. Ngara na jirani zake zimekaa mpakani mwa mabonde hayo mawili, kwa hiyo bibi akisema samaki wa ziwani walitoka huku kwetu, asichekwe haraka.

Tahadhari chache, kwa sababu mchezo wa maji hauna mzaha. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na ndoo hata dakika moja. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika matamvua. Na pasiwe na safari ya kwenda kuvua samaki hai kwenye madimbwi au kingoni mwa Kagera kwa ajili ya somo: kuna kichocho, kuna mamba na kiboko, na somo lenyewe limeshafika nyumbani ndani ya mfuko wa sokoni.

Vizibo vikikauka, visitupwe. Mwaka 2022 Vera Schluessel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, walionyesha kwamba mbuna, samaki wa Ziwa Nyasa, anaweza kujumlisha moja na kutoa moja. Walimwonyesha maumbo machache, tuseme matatu. Yakiwa ya bluu, maana yake ongeza moja. Yakiwa ya njano, punguza moja. Kisha akafunguliwa milango miwili, mmoja una picha ya maumbo manne, mwingine mawili, na akiogelea penye jibu sahihi anapata chakula. Samaki sita kati ya wanane walijifunza. Walipopewa milango yenye majibu yaliyozidi, mathalani manne na matano, waliendelea kuchagua nne, kwa hiyo hawakuwa wakifuata tu palipo pengi.

Mchezo huu hauhitaji maji. Panga vizibo vitatu vya bluu mkekani, na mbele ya mtoto weka sahani mbili, moja ina karanga nne na nyingine mbili. Usimweleze kanuni, hata samaki hakuelezwa. Akichagua nne anazila. Akichagua mbili, hakuna kitu, mnaanza upya kwa idadi nyingine. Baadaye leta vizibo vya njano, na kama hamna, mduara wa karatasi unatosha. Anza na namba zisizozidi tano, maana mbuna naye aliishia hapo. Na karanga ziwe za kutosha, kwa sababu kaka mkubwa anayepita kwenda kisimani ataikamata kanuni mapema na kuzimaliza.