Babu asimulia, mjukuu anasa sauti

Ndugu msomaji, hebu jiulize swali moja Jumapili ya leo. Mzee wa nyumbani kwako akifumba macho, mtoto wako atabaki na nini? Atabaki na sauti yake na habari za maisha yake, au na picha moja tu ya ukutani?

Swali hilo si la nyumbani peke yake. Walimu wa historia na fasihi katika nchi mbalimbali wamekuwa wakilijibu darasani kwa kazi iitwayo masimulizi ya kidijitali. Jina ni geni, lakini kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Mwanafunzi huandika kisa cha kweli kwa maneno 300 hivi, hukisoma kwa sauti yake mwenyewe, kisha huiunganisha sauti hiyo na picha chache kwa kompyuta au simu. Matokeo yake ni filamu fupi ya dakika mbili au tatu.

Mbinu hii ilianzia California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa juhudi za Dana Atchley na Joe Lambert, watu wa sanaa za jukwaani. Huko Wales, shirika la utangazaji la BBC liliendesha mradi wa namna hiyo kuanzia mwaka 2001 hadi 2008, ukiongozwa na mpiga picha Daniel Meadows. Watu wa kawaida walisimulia maisha yao, wengine kwa Kiingereza, wengine kwa Kiwelisi.

La kuzingatia ni kwamba katika mafunzo hayo mashine haitangulii. Kwanza watu huketi duara; mmoja husimulia, wenzake husikiliza na kuuliza. Je, hayo si mazungumzo ya jioni tuliyoyajua kwa bibi zetu?

Wala kazi ya kuwahoji wazee si ngeni kwetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Wazee wale sasa hawapo, lakini maneno yao yangali yakisomwa na wanahistoria.

Tuchukue mfano. Kijana wa kidato cha pili ana babu aliyekata mkonge Tanga kabla ya Uhuru. Kitabu cha shule kinamwambia kwamba wakoloni walihitaji vibarua mashambani, naye hukariri hivyo kwa ajili ya mtihani. Siku anapopewa kazi ya kutengeneza filamu, hana budi kwenda kwa babu. Babu anafungua sanduku na kutoa kipande chake cha kazi. Kijana anauliza: siku moja ya kazi ilihesabiwaje? Mshahara ulikuwa kiasi gani? Babu anautaja mwaka, nyanya anausahihisha. Kijana anarudi kitabuni kuhakikisha. Hapo ndugu msomaji, hakariri tena. Anapima ushahidi, anachagua la kusema na la kuacha, kwa kuwa maneno 300 hayabebi kila kitu. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria.

Lakini ipo hatari ambayo wazazi na walimu wasiifumbie macho. Huenda babu, kwa kumwamini mjukuu, akasimulia jinsi alivyopigwa na nyapara mbele ya wenzake, au alivyoikimbia familia yake kwa miaka kadhaa. Ni maneno mazito, na filamu itavutia zaidi yakiwamo. Je, babu amekubali darasa zima liyasikie? Filamu ikishatumwa kwa simu moja haizuiliki tena. Kwa hiyo filamu ionyeshwe kwanza kwa mwenye habari zake, na akisema "hili litoe," litolewe. Mwalimu asimpunguzie mwanafunzi alama kwa kuitunza heshima ya mzee, afadhali amwongezee.

Wengine watasema kazi hii ni ya shule za wenye fedha. Sivyo. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, lakini simu moja ya mwalimu au mzazi yaweza kulihudumia kundi zima kwa zamu. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa kalamu, daftari na masikio. Mwalimu naye asikubali kudanganywa na mapambo. Filamu yenye muziki mwingi na picha za kuokota, lakini isiyo na swali ndani yake, haijafundisha kitu.

Wahenga walisema asiyeuliza hana ajifunzalo. Basi usingoje shule ianze. Jioni ya leo, baada ya chakula, mketishe mtoto karibu na mzee wake. Mwombeni mzee ruhusa kwanza, kisha mwulizeni habari za picha ile ya ukutani: ilipigwa wapi, lini, na ni nani yule aliyesimama kando yake.