Baiskeli ya kukunja, kikombe cha kahawa na haki ya mwenye meza

Wazee wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo naisikia tangu utotoni, nami nilidhani yamhusu mgeni alalaye nyumbani mwa watu. Sikujua kwamba iko siku itanikuta mimi mwenyewe nimeketi mkahawani, kikombe kitupu mbele yangu, kompyuta imefunuliwa, na jembe sijapewa kwa sababu tu mwenye mkahawa aona haya.

Pengine msomaji atauliza: mtu mzima, mwenye mke na watoto, ana kazi gani ya kushinda mkahawani? Swali hilo aliniuliza mama yangu mzazi kabla yako. "Marehemu babako," aliniambia siku moja, "alikuwa akitoka asubuhi kwenda bandarini, na akirudi shati lake laweza kukamuliwa jasho. Wewe watoka asubuhi kwenda kunywa kahawa, na ukirudi wasema umechoka!" Sikuwa na la kumjibu ila kucheka.

Kazi yangu ni hesabu. Naandika ankara na kufuatilia madeni ya wafanyabiashara wa Dubai wauzao vipuri vya magari katika miji ya pwani hii. Zamani tulikuwa na ofisi mjini Mombasa, chumba kimoja cha ghorofani. Maradhi ya korona yalipoingia nchini mwezi wa Machi 2020, ofisi ilifungwa kwa muda. Matajiri wetu walipoona kwamba hesabu zawafikia vile vile bila ya wao kulipa kodi ya chumba, haikufunguliwa tena. Tukaambiwa kila mtu afanye kazi popote alipo.

"Popote alipo" ni neno tamu kwa mwenye nyumba kubwa. Mimi nakaa Likoni, vyumba viwili, watoto watatu, na nyanya yao ambaye akiniona nimekaa tu hunituma sokoni. Umeme nao una siku zake za kuja na siku zake za kwenda. Basi nikawa sina budi kutafuta meza penginepo.

Kazi ya namna hii isingewezekana hapa petu zamani. Mwaka 2009 ndipo nyaya kubwa za mawasiliano zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari, mmojawapo ukiwa ni ule uitwao TEAMS, uliotandazwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Wazee wetu waliijua njia hiyo kwa majahazi, yakija na Kaskazi na kurudi na Kusi. Leo ankara yangu hufika Dubai kabla sijakitua kikombe. Hata saa zetu hazipitani sana, kwani wao wametutangulia kwa saa moja tu.

Sasa nieleze habari ya baiskeli. Nilikuwa na baiskeli ya kawaida, nikaiegesha nje ya duka moja kwa muda wa kununua sabuni, nikatoka nikakuta ukuta mtupu. Jirani yangu mmoja, baharia aliyestaafu, alikuwa na baiskeli ya kukunja aliyorudi nayo safarini, imelala uvunguni miaka. Akaniuzia kwa shilingi 14,000, tukapatana nimlipe kwa mafungu matatu.

Magurudumu yake ni madogo, ya inchi 20, na mwili wake umekatwa katikati ukatiwa bawaba na kitasa. Unafungua kitasa, unaikunja kama kitabu, unashusha kiti na usukani, na kwa muda wa dakika moja imekuwa mzigo wa kilo 13 hivi unaoingia chini ya meza. Watu hudhani kwamba ni chombo kipya. La, si kipya. Katika Vita Vikuu vya Pili, askari wa miavuli wa Kiingereza walikuwa na baiskeli za kukunja zilizotengenezwa na kampuni ya BSA. Na katika mwaka 1975 mhandisi mmoja wa London, Andrew Ritchie, alianza kuunda yake chumbani mwake, akaiita Brompton kwa jina la kanisa lililotazamana na nyumba yake.

Yangu mimi haina jina kubwa, lakini yatosha. Asubuhi naipanda mpaka feri. Hapo hushuka nikaikokota, kwani mteremko ule si wa kuchezea na umati wake si haba. Tukishauvuka mlango ule wa bahari, kiasi cha nusu kilomita, naipanda tena. Napita Mama Ngina penye mibuyu mikubwa, natokea Ngomeni na kuingia Mji wa Kale. Mvua ikinikamata naikunja na kuingia nayo ndani ya matatu. Ningekuwa na ile baiskeli nzito ya chuma waiitayo Black Mamba, utingo angenitukana mimi na aliyeniuzia.

Ila zake ni mbili. Magurudumu madogo hayapatani na mashimo ya barabara zetu, na hewa ya chumvi huipenda sana bawaba. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuoga, huitia mafuta ya cherehani. Nikisahau wiki mbili tu, huanza kulia kama mlango wa zizi.

Mkahawa nilioupenda ni mdogo, meza nne, katika uchochoro wa Mji wa Kale. Mwenyewe ni mama mjane mwenye umri wa kunizaa. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi, mchana pilau, na kahawa chungu yenye tangawizi haikosi katika dele la shaba. Meza yangu ilikuwa ya pembeni, karibu na tundu la umeme. Nilikuwa nikifika saa mbili, baiskeli chini ya miguu, na kuondoka kwa adhana ya Adhuhuri. Nilijiona muungwana, kwa kuwa sikuacha kusalimu nilipoingia wala nilipotoka.

Tena nilikuwa na hoja zangu. Nilijiambia kwamba mkahawa tangu asili ni mahali pa kazi. Kahawa ilianza kunywewa na masufi wa Yaman katika karne ya 15, wakiitumia kukesha katika dhikiri. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, lakini marufuku yale hayakudumu. Kutoka nchi za Kiarabu mikahawa ikafika Istanbul, na kufikia mwaka 1652 ilikuwa imefika London. Huko, katika mkahawa wa bwana mmoja aitwaye Edward Lloyd, wenye meli na matajiri walikutana kufanya biashara, na ndiko lilikotoka soko kubwa la bima liitwalo Lloyd's mpaka leo. Nikasema moyoni: ikiwa bima ya meli za dunia ilizaliwa juu ya meza ya kahawa, ankara zangu za vipuri zina kosa gani?

Hoja nzuri, lakini ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe nililiona siku ya Alhamisi moja wakati wa Kaskazi.

Siku hiyo iliingia familia ya watu watano, wageni kutoka Malindi, nguo zao nadhifu kama waendao harusini. Meza mbili zilikuwa zimejaa watu walao. Ya tatu alikuwapo kijana mwingine kama mimi, na kompyuta yake. Ya nne ilikuwa yangu. Yule baba wa familia alisimama kidogo, akatazama huku na huku, akamwambia mkewe, "Twendeni, hapa hapana nafasi." Wakatoka. Mtoto wa mezani, kijana wa miaka 17 hivi, alipita karibu yangu akipangusa meza iliyokuwa safi, akanong'ona kana kwamba asema na kitambaa: "Ndio wa tatu hao leo."

Mimi ni mtu wa hesabu, kwa hiyo nilifanya hesabu. Kila asubuhi nilikuwa nikinywa vikombe viwili na kula mahamri mawili, yote shilingi 130. Meza yangu ingekaliwa na watu wawili wawili mara tano tu kwa asubuhi, kila mmoja akila vya shilingi 120, mama yule angepata shilingi 1,200. Tofauti yake ni shilingi 1,070. Kwa siku 24 za mwezi ni zaidi ya shilingi 25,000. Nami nilikuwa nimekaa pale miezi mitano! Hata tukisema kwamba si kila siku meza hujaa, na tuigawe hesabu hiyo kwa nusu, bado nilikuwa nimekula kodi ya mjane, tena kwa salamu nzuri.

Nilifunika kompyuta, nikamfuata jikoni.

"Mama," nilimwambia, "mbona hukunambia?"

Hakujifanya kutoelewa. Alikuwa akigeuza mahamri katika mafuta, akaendelea kuyageuza. "Mwanangu, mtu aliyeingia kwangu kwa salamu nitamwambia vipi aondoke? Na ningekwambia, ungesema mama huyu ana roho nyembamba. Nikasema nitasubiri, ataona mwenyewe."

Nilimwomba radhi. Nilimwambia nitamlipa kidogo kidogo kama nilivyomlipa jirani baiskeli. Alikataa. "La kwisha limekwisha, nimekusamehe. Lakini kuanzia Jumamosi njoo saa nne. Wa mahamri huwa washaondoka, na wa pilau hawajafika. Saa hizo mbili meza yangu haina mtu. Kaa, na unywe vizuri."

Ndivyo tulivyoafikiana. Kwa saa zile mbili mimi hulipa shilingi 200, ninywe nisinywe, na adhana ikikaribia nimeshakunja kila kitu. Kwake ni fedha ambayo hakuwa nayo, na kwangu ni kiti nikaliacho kwa moyo mweupe.

Lakini siku yangu ya kazi si saa mbili, ni saa nane. Ilinibidi niandike Dubai kueleza kwamba sitaweza kuongea kwa simu kabla ya saa nne zetu. Usiku ule sikulala vizuri, kwa kuwa kazi za namna hii hazina mkataba wa kukulinda, na anayeingoja yuko mlangoni. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: hakuna neno, maadamu hesabu zifike. Basi sasa asubuhi naanzia maktaba ya umma, ambako hapasemwi lakini kazi ya kuandika yaenda vyema. Saa nne niko kwa mama. Baada ya swala na chakula naipanda baiskeli kwenda mkahawa mwingine mkubwa zaidi mjini, wenye meza nyingi na wateja wachache alasiri. Kama si kile chombo cha kukunjika, nisingeweza kuhama mara tatu kwa siku bila ya kula mshahara wangu kwa nauli.

Kuna adabu nyingine niliyofunzwa, nayo ni ya ulimi. Siku moja nilikuwa nikizungumza na Dubai kwa simu, nikataja jina la mfanyabiashara mmoja wa hapa na kiasi anachodaiwa. Nilipomaliza, mzee aliyeketi meza ya jirani aliniambia kwa upole, "Kijana, deni la mtu ni amana. Huyo uliyemtaja ni mume wa binamu yangu." Nilitamani ardhi ipasuke. Ofisini kulikuwa na mlango. Mkahawani mlango ni mdomo wako. Tangu siku hiyo jina la mdaiwa silitamki mbele za watu. Nasema nambari ya ankara tu.

Mwezi wa Ramadhani ndio uliothibitisha kwangu kwamba meza ile haikuwa haki yangu. Mchana mkahawa hufungwa, nami hufanya kazi nyumbani usiku baada ya tarawehe, watoto wakiwa wamelala. Jioni mama yule hutoa meza zote nne nje na kuuza vya futari: sambusa, viazi vya karai, kaimati. Mwaka uliopita nilipita pale magharibi ikikaribia, nikaona familia imeizunguka ile meza ya pembeni wakichagua vyao. Hapakuwa na pembe hata ya kuweka kikombe. Nilinunua kaimati, nikazifunga nyuma ya baiskeli, nikawahi feri.

Vijana wengi wa pwani sasa wanatafuta riziki kwa kompyuta, na hilo ni jambo la kushukuru. Baharia na mchukuzi wa bandarini walitoka jasho, na sisi twatoka jasho la macho. Lakini ewe kijana uketiye mkahawani, mwulize mwenye meza saa zake za biashara kabla hujatafuta tundu la umeme. Usingoje mpaka mtoto wa mezani aanze kusema na kitambaa. Riziki yako ni halali, madhali hujaiketia ya mwenzio.

Na mama yangu mzazi? Juzi aliniona nikiikunja baiskeli uani, akanitazama kwa muda. "Angalau hiyo," akasema, "imejua kujikusanya ifikapo kwa watu." Kisha akanituma sokoni.