Kanisa la Assisi Lilivyotibiwa Baada ya Tetemeko la Nchi

Katika mji mdogo wa Assisi, nchini Italia, liko kanisa la Mtakatifu Fransisko, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1228, miaka miwili tu baada ya mtakatifu huyo kufariki. Kwa hakika ni makanisa mawili, moja limejengwa juu ya lingine. Dari la kanisa la juu limepindwa mfano wa matao, nalo lilipambwa kwa picha za Cimabue, Giotto na mafundi wengine wa zamani zile.

Usiku wa tarehe 26 Septemba, 1997, yapata saa 8 na nusu, nchi ilitetemeka kwa nguvu. Kanisa halikuanguka. Asubuhi wapimaji wa idara ya Serikali inayolinda majengo ya kale waliingia pamoja na watawa ili kuyakagua madhara, nao wakaziona nyufa katika dari. Dakika 20 kabla ya saa 6 mchana, wangali humo ndani, likaja tetemeko la pili, kubwa kuliko la kwanza. Sehemu mbili za dari zikaporomoka, moja karibu na mlango mkubwa na nyingine upande wa madhabahu. Watu wanne walikufa: wapimaji wawili, mtawa mmoja, na kijana aliyekuwa akijitayarisha kuingia utawa.

Jengo hilo lilikuwa limestahimili matetemeko mengi katika karne zilizopita. Mbona safari hii lilishindwa? Mainjinia, wakiongozwa na Profesa Giorgio Croci, walipanda juu ya dari, chini ya paa, na huko wakakuta jambo lisiloonekana na mtu aliyesimama chini. Kila paa lilipotengenezwa, vigae vilivyovunjika na vifusi viliachwa palepale, vikajaa katika mabonde yaliyo kati ya matao. Aliyepata kupanga magunia juu ya dari bovu la ghala ataelewa mara moja. Tena vifusi havikukaa kimya. Nchi ilipotikisika navyo vilisogea, vikalizuia dari lisirudi mahali pake, hata umbo la tao likapungua kidogo kidogo na nguvu zake pia.

Ardhi iliendelea kutikisika kwa majuma kadhaa, na kupita chini ya dari kulikuwa hatari. Kwa hiyo mafundi walifanya kazi kwa juu, wakisimama juu ya majukwaa yaliyoning'inizwa kwenye paa. Vifusi vilifyonzwa kwa mashini na kutolewa nje, na nyufa zikafungwa kwa juu kwa vitambaa vya nyuzi ngumu, kama mganga afungavyo jeraha. Baadaye ziliwekwa mbavu mpya za mbao na nyuzi za aramidi, zikashikizwa kwenye paa kwa vyuma vyenye springi.

Ufa peke yake hauelezi mengi. Neno kubwa ni kama unaongezeka. Desturi ya zamani ni kubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta. Kioo kikivunjika, ukuta umesogea. Njia nyingine ni kutia misumari miwili ya shaba kando ya ufa na kupima nafasi iliyo kati yake mara kwa mara, na kuandika kila kipimo katika daftari pamoja na tarehe na hali ya joto. Joto halina budi kuandikwa, kwa maana ukuta hutanuka na kujikunja kwa majira, na mpimaji asiyengoja mwaka mzima huweza kudhani jua kuwa ni ugonjwa. Siku hizi viko vyombo vya umeme vinavyopima usiku na mchana, hata mtetemo mdogo usiosikiwa na binadamu, lakini kazi ni ileile.

Wakati huohuo picha zilizovunjika ziliokotwa kwa mikono katika kifusi, vipande 300,000 hivi, vingine vidogo kama ukucha, vikapangwa kwa rangi. Kanisa la juu lilifunguliwa tena tarehe 28 Novemba, 1999. Picha nyingi za dari zilirudishwa, ila mahali ambapo vipande havikupatana, plasta iliachwa wazi bila kuchorwa upya.