Anayekaa mkabala wako

Ukiwakuta wazee wa Hirbadaw, kwetu Hanang, wakicheza karata jioni, tega sikio kwenye majina. Kopa, uru, shupaza, pau: yote ni Kireno, copas, ouros, espadas, paus. Turufu ni trunfo, na meza yenyewe ni mesa. Lakini yule anayekaa mkabala wako, mnayecheza upande mmoja, ana jina la Kibantu: mwenzi.

Wareno walizunguka pwani yetu karne mbili, tangu 1498 hadi Waomani walipowanyang'anya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Walituachia bendera. Walituachia na gereza, ambalo kwao, igreja, ni kanisa (hilo tuwaachie wanahistoria). Lakini neno lao la mwenzi, companheiro, wakaondoka nalo. Labda hatukula nao vya kutosha, maana mzizi wake wa Kilatini unamtaja mtu mnayekula naye mkate. Sisi wa Hanang tuna haki ya kucheka kidogo: mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yalimeza malisho ya Wabarbaig kule Basotu, na bado tulikua tukimega ugali.

Kwenye siasa companheiro lina jirani yake. Brazil, mwanasiasa Lula na wafuasi wake huitana companheiro. Msumbiji wao husema camarada, yaani mliolala chumba kimoja. FRELIMO, chama chao cha ukombozi, kiliundwa Dar es Salaam Juni 1962, basi camarada lilisikika kwetu mapema; ila wana-TANU walibaki kuitana ndugu.

Kwa wenzetu mlioko Lisbon: mnayefanya naye kazi ni colega. Companheiro likisimama peke yake, hasa kwenye fomu, mara nyingi ni yule mnayeishi naye kama mke na mume bila kufunga ndoa. Mwanamke ni companheira. Likiongezewa de viagem, linarudi kuwa mwenzi wa safari tu.

Msilishangae. Kiswahili nacho kina mtego uleule, tena mwembamba zaidi. Rudi nyumbani na mgeni, umwambie mama, "Huyu ni mwenzangu," ataagiza kiti na chai. Mwambie, "Huyu ni mwenzi wangu," kabla chai haijachemka ataanza kuuliza ni wa ukoo gani.